Daftari na Upanga: Magenge Hasimu katika Fasihi ya Fantasia

Genge la wahalifu, kama linavyoonekana katika riwaya za fantasia, ni kundi lenye kiongozi, eneo, chanzo cha mapato na kanuni zake lenyewe, linalotawala maisha ya watu nje ya sheria ya dola au sambamba nayo. Ulimwengu linamoishi ni wa kubuni: una jiografia yake, historia yake, na mara nyingi una nguvu za ajabu ambazo ulimwengu wetu hauna. Magenge huwa hasimu pale mawili au zaidi yanapotaka kukishika kitu kimoja kisichogawanyika kwa urahisi, kiwe ni bandari, mtaa, dawa au jiwe.

Msomaji anayezifungua riwaya hizi kwa mara ya kwanza huvutwa na panga. Akizirudia, huanza kuliona daftari: nani analipa, analipa nini, anamlipa nani, na anapata nini badala yake. Makala haya yanalifuata daftari hilo. Yanaanza na chimbuko la mada, yanakaa kwa kirefu katika mji wa Janloon uliobuniwa na mwandishi Fonda Lee, kisha yanaulinganisha na miji mingine mitatu ya kubuni. Hoja yake ni kwamba genge hasimu katika fantasia bora ni serikali isiyopigiwa kura, na vita vyake hueleweka kwa kusoma hesabu zake kabla ya kuhesabu maiti zake.

Chimbuko: kutoka Seville hadi Lankhmar

Mzizi wa mada hii ni wa zamani kuliko fantasia yenyewe. Mwaka 1613 Miguel de Cervantes wa Hispania alichapisha hadithi fupi ya vijana wawili, Rincón na Cortado, wanaofika mji wa Seville wakiwa hawana kitu ila wepesi wa vidole. Mara tu wanapoiba, wanaambiwa kwamba katika mji ule mwizi haanzi kazi kabla ya kujiandikisha kwa mzee aitwaye Monipodio. Mzee huyo ana nyumba yenye ua, ana vijana wa kutumwa, na ana askari rafiki. Askari anapokuja kudai mfuko wa fedha ulioibwa, kwa kuwa ni mali ya jamaa yake, Monipodio anaamuru urudishwe, nao unarudishwa. Baadaye anatoa daftari lililoorodhesha watu wa kupigwa na wa kukatwa nyuso kwa malipo. Kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kusoma, anampa Rincón amsomee.

Cervantes hakuandika fantasia, lakini vifaa vyote vya mada viko pale uani: usajili, mgawo, polisi aliyenunuliwa, na kitabu cha hesabu mikononi mwa mtu asiyejua herufi.

Katika fantasia ya kisasa, aliyeviweka vifaa hivyo mahali pake ni Mmarekani Fritz Leiber. Hadithi zake za mashujaa wawili, Fafhrd na Gray Mouser, zilianza kuchapishwa mwaka 1939. Mji wao mkubwa, Lankhmar, una Chama cha Wezi kinachowaua wezi wasio wanachama. Katika hadithi ya mwaka 1970 iitwayo Ill Met in Lankhmar, iliyoshinda tuzo za Hugo na Nebula, mashujaa hao wanawapora wezi wa Chama, na Chama kinajibu kwa kumtumia mchawi wake. Wapenzi wa vijana hao wawili wanauawa. Leiber alionyesha jambo ambalo waandishi wengi wamelifuata tangu hapo: katika ulimwengu wenye uchawi, uchawi nao huajiriwa na genge, ukalipwa kama kazi nyingine yoyote.

Janloon: mji wa koo mbili

Fonda Lee, mwandishi mzaliwa wa Kanada anayeishi Marekani, alitoa riwaya tatu za mfululizo mmoja: Jade City mwaka 2017, Jade War mwaka 2019 na Jade Legacy mwaka 2021. Ya kwanza iligawana tuzo ya World Fantasy ya riwaya bora mwaka 2018 na kitabu kingine. Mandhari yake ni mji wa Janloon katika kisiwa cha Kekon, chenye magari, simu na migahawa kama miji ya Asia ya katikati ya karne ya 20. Humo hamna mazimwi wala wafalme wa barafu. Kuna kitu kimoja tu cha ajabu, nacho ni jiwe.

*Jiwe lenyewe.* Jade ya Kekon humpa anayeivaa nguvu sita: nguvu za mwili, ugumu wa kuhimili pigo, utambuzi wa walio karibu hata gizani, wepesi wa kuruka, uwezo wa kusukuma kitu bila kukigusa, na uwezo wa kupitisha nishati hadi ndani ya mwili wa mtu mwingine. Lakini jiwe hilo lina masharti. Mkekon mwenye nasaba inayofaa na mafunzo ya miaka mingi hulivaa salama. Akizidisha, hupata ugonjwa wa kuwashwa na kuchanganyikiwa unaoweza kumwua. Waabukei, wenyeji wa asili wa kisiwa, hawapati madhara wala nguvu. Wageni huwa hatarini, hadi taifa la ng'ambo liitwalo Espenia linapotengeneza dawa ya kudunga, SN1, inayowawezesha kulivaa. Dawa hiyo inapoingia mitaani, bei ya kila jiwe Kekon imeshabadilika, kwa sababu idadi ya mikono inayoweza kulishika imeongezeka.

*Asili ya mgawanyiko.* Wavaaji wa jade huitwa Mifupa ya Kijani. Kisiwa kilipokuwa chini ya himaya ya Shotar, wao ndio waliounda jumuiya ya siri ya wapiganaji na kumfukuza mkoloni. Viongozi wake wawili wakubwa walikuwa Ayt Yugontin, aliyeitwa Mkuki wa Kekon, na Kaul Sen, aliyeitwa Mwenge wa Kekon. Vita vilipokwisha, adui aliyewaunganisha hakuwapo tena, na jumuiya ikagawanyika. Ayt akawa na ukoo wa Mountain, yaani Mlima. Kaul akawa na No Peak, yaani Pasipo Kilele. Hapa Lee anagusa historia ya kweli: vyama vya siri vya Uchina, ambavyo matawi yake baadaye yalijulikana kwa uhalifu, vilijinasibisha na upinzani dhidi ya nasaba ya Qing. Mpigania uhuru wa jana na mtoza ushuru wa leo wanaweza kuwa mtu mmoja, na wananchi hawajui wamwonee fahari au wamwogope. Mara nyingi hufanya yote mawili.

*Ngazi za uongozi.* Koo zote mbili zina muundo mmoja, na vyeo vyake vinaingia katika Kiswahili kama vilivyozaliwa humu. Juu kabisa yuko Nguzo, mkuu wa ukoo. Chini yake kuna mikono miwili. Mkono wa vita unashikwa na Pembe, mwenye Ngumi na Vidole: Ngumi ni makamanda, Vidole ni vijana wa chini wanaopanda kwa ushujaa. Mkono wa biashara unashikwa na Mtabiri wa Hewa, ambaye kazi yake ni kusoma dalili za soko, siasa na fedha. Wasaidizi wake huitwa Waleta Bahati. Hao ni watu wa ofisi na mikataba.

Utatu huu ndio ufunguo wa riwaya. Nguzo aliyelemea upande wa Pembe hushinda mapambano ya mitaani na kupoteza mji. Aliyelemea upande wa Mtabiri huwa na mahesabu safi na mipaka isiyolindwa. Katika No Peak mwanzoni mwa hadithi, Nguzo ni Kaul Lan, mjukuu wa Sen. Pembe ni mdogo wake, Hilo, kijana wa damu moto anayependwa na wapiganaji. Na Mtabiri ni Doru, mwandani wa miaka mingi wa babu yao, ambaye baadaye hubainika kuwa amekuwa akishirikiana na upande wa pili. Dada yao, Shae, mwenye elimu ya biashara kutoka Espenia, amerudi nyumbani akiwa amekataa kuvaa jade. Katika Mountain, Nguzo ni Ayt Mada, binti wa kulea wa Mkuki wa Kekon. Yeye alikuwa Mtabiri wa ukoo kabla ya kuwaua waliompinga na kukalia kiti. Kwa hiyo anayesimama dhidi ya ndugu wa Kaul ni mtu aliyejifunza daftari kwanza, upanga baadaye.

*Mapato na mipaka.* Wenye maduka, mahoteli na viwanda hujiunga na ukoo kama Wenye Taa. Wanatoa ada, wanapata ulinzi, vibali, mikopo, na mtu wa kuwasemea kwa wanasiasa, kwa kuwa wajumbe wa Baraza la Kifalme nao wana koo zao. Mitaa imegawanywa. Baadhi ni ya Mountain bila ubishi, baadhi ni ya No Peak, na mingine, kama mtaa uitwao Armpit, ina barabara za huku na barabara za kule. Mipaka ya namna hiyo haionekani kwenye ramani yoyote, lakini mwenye mgahawa anaijua kama anavyojua mlango wake.

*Kanuni.* Koo zinapigana, lakini zinapigana ndani ya mila. Kanuni iitwayo aisho inawakinga wasiovaa jade dhidi ya visasi vya wavaaji. Pambano la watu wawili likikubaliwa rasmi kwa upanga, mshindi anachukua jade ya aliyekufa, na ndugu wa marehemu hawana haki ya kulipiza. Kuna shule mbili za mafunzo zinazolisha koo hizo: Chuo cha Kaul Dushuron kwa No Peak, kilichopewa jina la baba wa kina Lan aliyekufa vitani, na Wie Lon kwa Mountain. Mila hizi zote zina kazi moja ya msingi: kuzuia ugomvi wa wawili usigeuke kuwa moto wa mji mzima.

*Sababu za vita.* Migodi ya jade inasimamiwa kwa pamoja na chombo kiitwacho Muungano wa Jade wa Kekon, ambamo koo kubwa zina hisa. Lan anamtuma dada yake akague hesabu. Shae anakwenda migodini, anasoma makaratasi, na kugundua kwamba kilichochimbwa na kilichoandikwa havilingani: Mountain imekuwa ikitoa jade nje ya vitabu. Wakati huohuo Ayt Mada anaujenga mradi wa kuzalisha SN1 na kuialika No Peak ishirikiane naye. Hoja yake si ya kipumbavu. Mataifa makubwa yanalimezea mate jiwe. Kisiwa chenye koo mbili ni dhaifu. Kiwe na ukoo mmoja, kama enzi za kupigania uhuru. Lan anakataa, kwa sababu katika ukoo huo mmoja hakuna nafasi ya jina la Kaul ila chini ya goti. Wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Lee anaeleza kwa nini: majani ya zizi hilo yanahesabika.

*Ng'ambo.* Kitabu cha pili kinauvuka mpaka. Katika mji wa Port Massy, huko Espenia, wanaishi wahamiaji wa Kikekon wanaoendeleza mila zao kimyakimya. Sheria ya huko inapopiga marufuku raia kumiliki jade, mtu yuleyule ambaye Janloon angesalimiwa kwa heshima anakuwa mhalifu. Riwaya hapa inagusa swali lililo chini ya mada nzima: uhalifu hupewa jina lake na mwenye dola. Kisiwani koo ni sehemu ya serikali. Ng'ambo ni genge.

Miji mitatu ya kulinganisha

*Camorr.* Katika riwaya ya Scott Lynch ya mwaka 2006, The Lies of Locke Lamora, mji wa Camorr ulikuwa na magenge kama 30 yaliyokuwa yakichinjana. Akaja Vencarlo Barsavi, mtu aliyekuwa msomi wa chuo, akayaweka yote chini yake. Ushindi wake ulikamilika kwa mkataba wa siri na utawala: wezi wawaache makabaila na askari, na utawala utaacha wezi wafanye kazi kwa wengine wote. Amani hiyo ina mlipaji, naye ni mfanyabiashara na fundi wa kawaida, asiyeitwa kwenye meza ya mkataba. Locke Lamora na wenzake wanaivunja kwa kuwaibia makabaila, na hasimu wa Barsavi ajiitaye Gray King anaanza kuwaua viongozi wa magenge mmoja baada ya mwingine. Camorr inatufundisha kwamba genge likishapata ukiritimba, adui wake wa hatari ni yule ambaye mkataba haukumkumbuka.

*Ketterdam.* Leigh Bardugo, katika Six of Crows ya mwaka 2015 na Crooked Kingdom ya 2016, aliujenga mji wa bandari unaofanana na Amsterdam ya zama za biashara kuu. Huko biashara inaheshimiwa kama dini, na mkataba unamfunga mtu kuliko pingu. Magenge ya kitongoji cha Barrel yanagawana kamari, madanguro na gati za bandari. Dregs, lenye alama ya kunguru na kikombe, linaendeshwa kwa vitendo na kijana Kaz Brekker. Dime Lions ni la Pekka Rollins.

Chanzo cha uhasama wao ni kidogo kikitazamwa kwa mbali. Wavulana wawili yatima kutoka shambani waliingia mjini na fedha za urithi. Bwana mmoja mkarimu, aliyewapokea vizuri, akamshawishi mkubwa wao awekeze, kisha akatoweka na fedha zote. Bwana huyo alikuwa Rollins mwenye jina la uongo. Mkubwa, Jordie, alikufa kwa tauni. Mdogo, Kaz, alibaki na hesabu moja kichwani. Rollins, kwa upande wake, amewatapeli wengi mno kiasi cha kutowakumbuka. Katika Ketterdam daftari la mwenye nguvu halina ukurasa wa aliowadhulumu, na katika pengo hilo ndipo Kaz anapoingilia.

*Ankh-Morpork.* Terry Pratchett, ambaye kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa Discworld kilitoka mwaka 1983, alifikisha wazo hili mwisho wake. Mtawala wa mji, Lord Vetinari, aliwapa wezi uhalali wa chama cha kazi. Chama kina kiwango cha wizi kinachoruhusiwa kwa mwaka, aliyeibiwa hupewa risiti, na mwizi asiye na leseni huadhibiwa na Chama chenyewe. Uhasama wa magenge unakwisha kwa kuyaingiza katika bajeti. Ingawa vitabu vyake vimejaa kicheko, hesabu iliyo chini yake ni ileile ya Monipodio.

Kinachoiunganisha miji hii

Mwaka 1993 mtafiti Diego Gambetta alichapisha utafiti kuhusu mafia ya Sicily, akieleza kwamba bidhaa yake kuu ni ulinzi: mafia huuza uhakika mahali ambapo watu hawaaminiani na dola haiaminiki. Ukiivaa miwani hiyo, miji yetu yote inasomeka kwa mpangilio mmoja.

Kwanza, kuna kitu adimu kisichosimamiwa vyema na dola: jade, gati, au usalama wa kawaida wa barabarani. Pili, kuna anayetoa ulinzi kwa malipo na kuadhibu anayemwibia mlipaji. Tatu, kuna mpaka, kwa sababu ulinzi wa wawili juu ya duka moja ni ulipaji wa mara mbili, na mwenye duka hawezi kuubeba kwa muda mrefu. Nne, kuna kanuni inayopunguza gharama ya ugomvi. Mapigano hufukuza wateja. Tano, kuna mabadiliko kutoka nje yanayoiharibu mizani: dawa mpya, mgeni mwenye fedha, au kiongozi aliyekufa bila mrithi. Hapo ndipo panga zinapochomolewa.

Nguvu za ajabu haziubadilishi mpangilio huu, zinauonyesha waziwazi. Katika riwaya ya upelelezi, mamlaka ya tajiri wa magendo yamefichwa benki. Kwa Fonda Lee yameshonwa mwilini: mpiganaji anavaa jade shingoni, masikioni, mkononi, na kila anayepita anaweza kuhesabu. Hii ndiyo faida ya fantasia ambayo wanaoidharau hawaioni. Inachukua kitu tunachokiishi bila kukitazama, ikakipa umbo la jiwe la kijani ili tukishike.

Wasiomo daftarini

Jade City inaanzia jikoni. Katika mgahawa wa Twice Lucky, ulio kwenye mtaa wa bandari chini ya himaya ya No Peak, vijana wawili wa kazi, Bero na Sampa, wanatokwa na jasho kwa hofu. Ukumbini kuna mzee mlevi anayevaa jade, nao wamepanga kumwibia. Wanajaribu, wanakamatwa na watu wa Hilo, na wanaachwa hai. Kwa ukoo, jambo limekwisha: vijana wawili wa mtaani, hawana jina, hawana jade, hawalipi ada. Hakuna aliyeona haja ya kuwaandika popote.

Lakini Bero amekwisha kulishika jiwe kwa muda mfupi, na hamu yake haitulii. Anazunguka mitaani hadi anapata watu wa upande wa Mountain wanaohitaji mkono wa kutumika. Yeye, yuleyule wa jikoni, yumo katika shambulio la bunduki ambalo mwisho wake ni kifo cha Kaul Lan. Kwa kifo hicho Hilo anakuwa Nguzo, Shae anavaa jade tena na kuwa Mtabiri, na vita vya koo vinakuwa vya wazi. Shae alilipata kosa la migodini kwa sababu liliandikwa vibaya. Kosa la Twice Lucky hakuna mkaguzi ambaye angeliona, kwa kuwa Bero hakuwahi kuandikwa.